Siku Nilipogonga Rimu ya Magara

Nakiri mwenyewe kabla Hadija hajaniwahi kwa namna yake (anayo video, na ameshaionyesha kwa kila mteja anayekaa kwenye kiti chake cha saluni pale Rumonge): mimi, Goreti, muuza mawese, mama mzima wa watoto wanne, nilivuliwa kutoka Ziwa Tanganyika mchana kweupe nikiwa na vazi la sherehe, huku ufuko mzima wa Magara ukinitazama. Na sikuanguka majini. Niliingia kwa miguu yangu mwenyewe, tena nikisindikizwa, na najua tayari mnaniona mjinga, lakini ngojeni niwaeleze.

Hadija ni rafiki yangu wa soko na wa moyo. Babu zake walitoka Kongo enzi za Wabelgiji, yeye kazaliwa Rumonge na hakuna kona ya ziwa asiyoijua, wakati mimi nimezaliwa kambini Tanzania na nilirudi nikiwa mtu mzima, kwa hiyo nchi yangu nimejifunza ukubwani, na ndiyo maana tukipata siku ya mapumziko tunakwenda kuangalia mambo ya kale, yeye anaeleza, mimi nashangaa. Siku hiyo tulianzia Mugere, kwenye lile jiwe kubwa la wale Wazungu wawili wasafiri, na mimi kwa ajili ya picha nilikuwa nimevaa imvutano yangu ya kwendea harusi, ile ya kitambaa cha kumetameta inayofungwa begani. Hadija aliponiona kituoni alinitazama juu mpaka chini akasema, "Goreti, tunaenda kuangalia jiwe, hatuendi kutoa mahari."

Jiwe lilinipendeza sana, nikalipapasa kote, nikafuata maandishi kwa kidole, na hakuna aliyenikataza. Nadhani mkono wangu ulianzia pale kuzoea vibaya.

Wakati wa kurudi Hadija akasema tushuke Magara, wavuvi wenyewe wamejenga nyumba ya kumbukumbu. Ni chumba kimoja na ua, lakini nawaambia kinatosha. Mlinzi wake, mzee Ntahondi, mvuvi aliyestaafu, alitupokea kwa "amahoro" ya taratibu, akatuonyesha taa za karabai walizokuwa wakivulia usiku, nyavu za kamba za kusokota kwa mkono, na kasia moja lililoliwa na maji mpaka limekuwa jembamba, kisha akatuleta kwenye ukuta. Upande wa kushoto kuna majina ya watu waliochukuliwa na ziwa. Upande wa kulia, majina machache tu, ni ya waliotolewa wakiwa hai.

"Hawa tunawasoma kila mwaka, wote, hatuachi hata mumoja," alisema. "Hata wale wa zamani, wenye hawana tena ndugu hapa."

Kambini kwetu tulizika watu wengi na hatukuwa na hata kibao cha kuwaandika, na hawa wavuvi, watu wanaorudi alfajiri wamechoka, walipata muda wa kuchonga kila jina. Niliwaheshimu kabla sijamfahamu hata mmoja wao.

Sasa uani, kwenye mti wa nguzo, kulikuwa kumening'inia rimu ya lori. Mzee alituambia, "Ile rimu tutaiongelea mwisho," akaingia ndani kututafutia stuli. Ningesubiri huo mwisho, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini shule yetu ya kambini ilikuwa na rimu kama ile ile, na mgongaji wake nilikuwa mimi (ukubwa wangu wote wa utotoni ni huo, msininyang'anye): ukigonga polepole watoto waingie darasani, ukigonga mfululizo bila kupumzika waende nyumbani. Nikamwambia Hadija atoe simu anipige video, nikaokota nondo iliyokuwa chini ya nguzo, nikajishika kiuno na imvutano yangu, nikagonga ile ya kwenda nyumbani, na kwa kuwa mkono haukuwa umesahau, niligonga vizuri sana.

Sikumaliza. Milango ya nyumba za jirani ilifunguka yote kwa pamoja na wanaume wakatoka wakikimbia, wengine na kaptula tu, nyuso zimejaa usingizi, maana pale watu wanavua usiku na kulala mchana. Wanawake waliokuwa wakigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani waliacha kila kitu, kuku wakavamia ndagala na hakuna aliyewafukuza. Mitumbwi ikasukumwa. Boti mbili zikamiminiwa esansi, yaani petroli, na nyote mnajua esansi inavyopatikana siku hizi, ile ilikuwa akiba ya kuvulia usiku huo, nao waliimimina bila hata kutazamana.

Nikamshika mkono kijana aliyenipita. "Kuna nini?"

"Iko mutu mu maji. Sogea, mama."

Basi na mimi moyo ukanipasuka. Nikakimbia nao mpaka ufukoni, nikaanza kumwombea huyo maskini, hata machozi yakanitoka. Kando yangu mama mmoja mwembamba aliingia majini mpaka magotini akimuuliza kila mtu, "Ni nani? Ni mutoto wa nani?" na sauti yake siisahau. Hadija akanifikia akihema, simu imeshuka mkononi, akaniambia polepole sikioni, "Goreti. Naona wanakutafuta weye."

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa bado nimeshika nondo.

Mzee Ntahondi alikuja akichechemea, akaiona nondo hiyo hiyo. "Ni weye ulipiga?"

"Ni mimi, mzee. Hakuna mtu aliyezama. Nilikuwa napiga tu, kwa ajili ya picha." Nilipiga magoti mchangani nikaomba msamaha kwa Kiswahili cha kambini na kwa Kirundi changu cha kuokoteza, na mvuvi mmoja akasema kwa uchungu kwamba esansi yao imekwenda, akasema ngoja awaite wenzake warudi.

"Ngoja," mzee alisema. "Ile rimu inalia tu mutu akizama, haijatudanganya hata siku moja. Wakirudi mikono mitupu, kesho ikilia watu watasema ni wageni tena wanacheza, watageuka upande ingine walale. Na kesho itakuwa ni kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekivunja. Hakikuwa usingizi wao wala esansi yao. Nilitamani kweli ningekuwa nimezama.

Yule mama mwembamba akatoka majini, nguo zinamchuruzika. Jina lake Esperansi. Alinitazama, na sikuona hasira, akasema, "Basi wasirudi mikono mitupu. Huyu mama aingie, wamukute."

Nilidhani ni utani. Hakuna aliyecheka. Sijui kuogelea, nikawaambia, na wanawake wawili wakanishika huku na huku, Hadija akachukua mkoba wangu (na simu, akaendelea kurekodi, rafiki gani huyo), tukaingia mpaka maji yakafika kifuani, na imvutano yangu ikajaa hewa ikaniinukia mpaka usoni. Kisha wakaniachia. Nikameza maji, nikapiga kelele ya kweli, siyo ya kuigiza, na boti ikageuka.

Walijua. Walikuwa wameambiwa kwa mikono kutoka ufukoni. Lakini walinifuata kama wanaomfuata mtu anayekufa kweli, mmoja akaruka majini kabla boti haijasimama, akanishika kwapani, wengine wakanivuta juu na kunilaza tumboni, na yule aliyelalamikia esansi ndiye aliyevua shati lake akanifunika. Hakuna aliyefanya mzaha mpaka tulipogusa mchanga. Hapo wanawake walipiga vigelegele na ufuko mzima ukacheka, nami nikacheka nikitapika maji, kilemba sina, kiatu kimoja sina, na kitambaa cha kumetameta kimejaa mchanga na magamba.

Esperansi alileta kitenge chake kikavu kutoka nyumbani, akanivika. Akanipeleka ukutani, akaweka kidole upande wa kushoto kwenye jina moja. "Huyu ni wangu," akasema. "Siku yake hapakuwa na rimu. Alilia, watu wakafikiri ni vijana wanacheza. Kiisha nikaileta ile rimu mimi mwenyewe, nikaisukuma toka barabarani."

Nilimkumbatia, maji yote ya ziwa yakamlowesha upya.

Kisha akamgeukia mzee. "Andika huyu. Kuume."

Nikakataa, nikasema ni aibu, mimi sikuzama. Akaniuliza, "Walienda, hawakuenda? Walikutoa, hawakukutoa?" Mzee akachukua patasi.

Kwa hiyo ndugu zangu, sigongi tena kitu chochote ambacho sijaambiwa kinaita nani, na kwenye nyumba za kumbukumbu sasa natembea mikono nyuma kama mfungwa. Mkipita Magara ingieni, mtayaona majina. Upande wa kulia, chini kabisa, jina la mwisho ni langu, na Hadija anasema nimekwenda kuangalia makumbusho nikabaki humo. Acheni aseme. Mwaka huu waliposoma majina nilikuwepo, na walipofika langu, Esperansi ndiye aliyeitikia, kabla sijafungua mdomo: "Huyu alirudi."