Jani la Isale Mezani kwa Bwana Shauri

Juma lililopita, kwenye Boma la Arusha, bibi mmoja wa mlimani alimwekea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, jani la isale mezani, akisema Kimeru kwa unyenyekevu. Mwanawe amefungwa kwa kulisha ng'ombe katika shamba la mzungu, na kwetu Wameru ukiletewa isale huna budi kusamehe.

"Anataka nini huyu?" karani wake akanigeukia mimi niliyekuwa nangoja zamu yangu. "We mama, unajua Kimeru?"

Mume wangu anafanya kazi kwa mzungu huyo huyo mwenye shamba! "Sijui, bwana, sijui kabisa."

Jani likatupwa kapuni. Mwanangu mgongoni akaangua kilio, nikambembeleza haraka haraka, kwa Kimeru. Pamoja na Kiingereza changu chote cha shule, ikanitoka lugha ya mama!

Nje bibi akanishika mkono.

"Lea mwanao," akasema. "Mimi sitamwambia mtu."