Gari la Marehemu Jirani Yetu

Gari lile nililinunua kwa mama mmoja wa makamo aliyefiwa na mumewe, mtaa wa pili kutoka kwangu hapa Kihonda. Lilikuwa stesheni wagoni, refu, rangi ya maziwa iliyokwisha kufubaa juu ya paa. Kazi yangu ni kushona mapazia, na zile fimbo za kutundikia hazienei kwenye gari dogo. Mama yule alinikabidhi funguo akiwa amesimama mlangoni kwake. "Mwanangu," akasema, "miaka yote tuliyokuwa nalo halijawahi kutulaza njiani."

Nilimwamini, lakini tangu siku hiyo sikutulia.

Kila nikiliwasha nilizima redio nisikilize. Kulikuwa na mlio mdogo chini, upande wa kushoto, kama kijiko kinachogonga sufuria. Ulikuja nikipandisha kilima cha Bigwa, ukapotea nikirudi tambarare. Fundi wa kwanza alisema ni bushi, wa pili akasema ni egzosi, wa tatu akanishauri niongeze sauti ya redio. Nikienda kwa mteja napima dirisha huku nachungulia nje, nione kama kuna kitu kinavuja. Ikifika jioni nilikuwa nimekwisha kuchoka, na wala gari halikuwa limefanya lolote. Mume wangu aliacha kupanda nami. Alisema namchosha kuliko hilo gari lenyewe.

Jumamosi moja asubuhi yule mama alikuja kuniomba nimpeleke Dumila, dada yake alikuwa anaumwa. Nilikubali upesi, na nakiri sikukubali kwa wema tu. Nilitaka ausikie ule mlio.

Tulipoacha mji na kukuta kijilima cha kwanza, ukaanza.

"Mama, unausikia?"

Akainamisha kichwa. "Nausikia."

"Ulikuwepo tangu zamani?"

"Sijui, mwanangu. Mzee akiendesha tulikuwa tunaongea."

Tulikuwa tumeipita Dakawa na mashamba yake ya mpunga nilipoona mshale wa joto unapanda. Nilikuwa nimeutazama bure kwa miezi mingi, kwa hiyo ulipopanda kweli nilidhani macho yananidanganya. Mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikaegesha pembeni, nikafungua, nikaona mpira wa maji wa rejeta umepasuka. Nikalizunguka gari mara mbili bila kujua natafuta nini.

"Tazama chini ya tairi la akiba," mama akasema. "Mzee alikuwa anaweka vitu vyake huko."

Sikuwahi kulinyanyua tairi lile. Chini yake kulikuwa na mfuko, na ndani yake waya, chupa mbili za maji, na vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyokatwa vizuri. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeungua, na alama za waya bado zinaonekana. Mama alivishika akavigeuzageuza.

"Hivi vimetumika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akichelewa ananiambia amepita kwa rafiki yake Mazimbu. Kuna wakati nilimnunia wiki nzima." Akapitisha kidole kwenye alama za waya. "Kumbe na wewe nimekudanganya."

"Hukujua, mama."

"Sikujua," akasema. Kisha akarudia tena, taratibu, kama anajieleza kwa mtu mwingine.

Injini ilipopoa nikaufunga mpira kwa vile vipande. Yeye alishika ncha moja, mimi nikakaza waya. Tukatia maji, tukajikokota mpaka Dumila.

Dada yake alikuwa amelala sebuleni kwenye mkeka. Nikampa shikamoo, akaitikia. Mama hakumngoja hata aeleze ugonjwa wake, akamsimulia yaliyotukuta. Mgonjwa akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji alishashinda hapa kutwa nzima na gari hilo bovu," akasema. "Akaniomba nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Si wewe uliyemkataza kulinunua? Alijua ungemkumbusha."

Mama aliinuka. Alimkorogea mgonjwa uji, akamnywesha, akamfunika khanga miguuni. Mimi nilikwenda barabarani kutafuta mpira mpya, fundi akaufunga, tukaaga mchana.

Njia nzima ya kurudi nilingoja alaumu, au alie, au aniombe radhi tena. Hakufanya hivyo. Kwa muda alitazama milima ya Uluguru iliyofunikwa na mawingu mbele yetu, kisha akaanza kuzitaja siku. Siku ya harusi ya binti yao, mzee alipofika watu wamekwisha kula. Siku aliyorudi na shati lina mafuta, akadai ameegemea lori sokoni. Idi moja aliyoingia nyumbani adhuhuri, pilau imepoa, naye hakumtengea. Kila siku aliitaja, akaitafakari, akahamia nyingine. Tulipoingia Kihonda alikuwa hajamaliza. Nikalipita geti lake, nikazunguka mtaa polepole ili aendelee.