Treni ya Makopo Kilimani Rebero

Enzi zetu treni haikununuliwa. Ilikatwa, ikapigwa nyundo, ikakuchana vidole, ndipo ikawa treni. Nyinyi wenzangu mliokuwa na miaka tisa au kumi mwishoni mwa mwaka tisini na nne, Kigali ilipoanza kupumua tena, mnajua ninachosema.

Sisi tulikuwa tumetoka Tabora. Nilizaliwa huko, binti wa wakimbizi wa Rwanda, na baba alikuwa fundi wa mabehewa stesheni. Tulipofika Rebero, kilima cha Kigali, swali langu la kwanza lilikuwa treni inapita saa ngapi. Baba alicheka mpaka akaketi. "Mwanangu, hapa kwetu kuna milima tu. Reli hakuna." Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni, vilima vikabaki vinaelea, nami nikajilaza barazani nikisikiliza honi isiyokuja. Nadhani baba naye alikuwa akiisikiliza. Jumamosi moja alikusanya makopo ya samaki na ya maziwa, akakata kandambili kuukuu kuwa magurudumu, akanitengenezea kichwa cha treni na mabehewa manne. Kuyaunganisha, akasema, ni kazi yangu.

Hapo ndipo alipokuja Dative, jirani wa rika langu. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamemwachia bibi yake tu, na tangu tuhamie pale sikuwahi kusikia sauti yake. Alichuchumaa, akashika behewa la mwisho, akalipuliza vumbi. Hata angesema, Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuombea maji. Basi tukaelewana vizuri sana.

Siku nyingi tulihangaika na viungo. Kamba ya mgomba ilishika vizuri ikiwa mbichi, ikikauka inakatika. Ukanda wa mpira ulivutika, mabehewa yakagongana kama walevi. Pini ya nguo, niliyoichomoa kwenye kanga ya mama bila ruhusa, ilifunguka kwenye kila kokoto. Dative ndiye aliyekuwa mkaguzi. Aliinua treni nzima kwa mkia, akaitikisa, na kikianguka kitu ananitazama tu. Mimi sikuwa na subira. Siku moja nilichagua pini, nikaikunja kwa meno, nikasema inatosha.

Haikutosha. Kwenye mteremko nyuma ya nyumba pini ilifunguka, behewa la mwisho likajitenga, likabingirika hadi kwenye majani marefu. Wakubwa walituimbia kila siku: njia isiyokanyagwa usiikanyage, chuma usichokijua usikiguse. Nilijua. Lakini lilikuwa behewa langu. Nikalikimbilia.

"Hagarara!"

Neno hilo la kusimama nililielewa hata kwa Kinyarwanda changu. Lakini kilichonisimamisha ni sauti yenyewe, kali, ambayo sikuijua. Nikageuka. Alikuwa Dative, mikono kichwani, akilia.

Baba alitoka mbio. Alisimama pale majani yalipoanzia na kuniambia taratibu nirudi kinyumenyume, nikanyage nilipokwisha kukanyaga. Nilipomfikia hakunipiga. Alinishika mabega. "Hiyo miguu miwili niliyokupa, una mingine ya akiba?"

Kesho yake walikuja askari wenye vyombo vya kutafutia mabomu. Walitupeleka upande wa pili wa kilima, tukasikia mshindo; tuliporudi, tukakuta vyombo vya mama vimeanguka kabatini. Lilikuwa bomu la kutegwa ardhini, hatua nne kutoka niliposimama.

Treni, pamoja na behewa ambalo askari waliturudishia, ikawekwa juu ya kabati. Siku ya tatu Dative akaja na spoku ya baiskeli, akamkabidhi baba, akasema maneno machache kwa sauti ndogo. Baba akanitafsiria. "Anasema isikatike tena."

Mchana ule tulikaa uani watatu, na kwa mara ya kwanza nikamwona baba akifanya kazi yake ya stesheni. Alipinda spoku akapata kulabu na pete, kulabu nyuma ya kila behewa, pete mbele ya linalofuata. "Kiungo kikibana sana, behewa linaruka kwenye kona," alisema. "Kikilegea sana, linachomoka. Liachie nafasi ya kupinda, lakini mdomo wa kulabu uufunge." Dative akainua treni kwa mkia. Akatikisa. Akatikisa tena. Halafu akacheka, na bibi yake alitoka jikoni kwao na mwiko mkononi kuangalia ni nani anayecheka.

Tuliiendesha uani wiki nzima, Dative akinifundisha majina ya vitu na kunicheka nilivyoyatamka. Kisha ikaja habari kwamba shangazi yake yu hai, kusini mwa nchi. Gari lilikuja kuwachukua yeye na bibi asubuhi ya mvua. Nilimpa treni yote. Akaipakata mapajani, tukashikana mikono dirishani, ikawa basi.

Watoto wangu leo wana treni ya plastiki inayojiendesha, nao wako kwenye kochi wanatazama kwenye simu video ya mtu mwingine akichezea treni kama hiyo. Rafiki yao alihamia Masaka mwezi uliopita, nikawapa pole. Wakanishangaa, maana walikuwa wamekwisha kuongea naye mara mbili siku hiyo. Siwaonei wivu, au labda kidogo. Dative hakuwa na simu wala anwani, na jina lake la pili sikuwahi kuliuliza. Hawa wakiagana, jioni wanaendelea na mazungumzo. Sisi tulipoagana, tuliagana kweli.