Nakuja

Kila arudipo safari, mkaguzi wa mizani huloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, akisugua visigino kwa jiwe huku akimfundisha mbwa wake adabu kwa sauti ya ofisini: "Kaa! Lala! Njoo!" Mbwa hutii, ila macho hayabanduki kwenye begi lililo mlangoni, ambalo siku hizi halifunguliwi kabisa. Na kila akilibeba, mkaguzi humpapasa kichwa na kumwambia neno lile lile: "Nakuja."

Jana, jirani anayemtunzia mbwa, mama wa makamo, alirudisha ufunguo wa nyumba aliokuwa ameachiwa. Hata hajauachia vizuri mezani, simu ya mkaguzi ikalia. "Kesho tena? Haya bosi, nakuja."

Mbwa akainuka, akalibeba kwa meno bakuli lake tupu, akaenda kusimama miguuni pa jirani.

Mama yule akacheka. "Mwanafunzi wako kafaulu, mwanangu! Akisikia neno hilo tu, anajua analala kwangu."

Mkaguzi akainama, akaanza upya kusugua kisigino kilichokwisha kutakata. Hakuthubutu kuinua uso, hata aliposikia ufunguo ukichukuliwa tena mezani bila yeye kuomba.