Mzungu wa Gitaa Aliyemwoza Mwende

Sisi tuliokulia mtaa wa Jericho, Nairobi, enzi zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, bado zinapakwa rangi, hatukungoja kubembelezwa tutoke nje tucheze. Ukifika kutoka shule unatupa begi, unameza uji uliopoa, unakimbilia uwanjani, na mpira wenyewe ni soksi ya kaka ya mtu iliyoshindiliwa makaratasi. Mtoto wa leo akikwaruzwa goti anapigwa picha kwanza, halafu anapelekwa kwa daktari. Sisi tulipakwa mafuta ya taa, kisha tukachapwa kwa kuchafua sketi.

Lakini leo sisimulii michezo. Nasimulia santuri ya Baba.

Baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja wa Kizungu kule Industrial Area. Mzungu huyo aliporudi kwao alimwachia Baba gramofoni na santuri moja. Nyingine zote alizifunga kwa makini akaondoka nazo. Hilo peke yake lingetosha kututia shaka, lakini Baba aliibeba ile santuri hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Jaladani alikuwepo mwimbaji mwenyewe, Mwingereza mzee wa mashavu yaliyobonyea, ameketi kwenye kiti cha jikoni na gitaa mapajani, uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Baba alitueleza kwa fahari kwamba zamani mzee huyu alikuwa na bendi kubwa, akaiacha, na sasa alikuwa ametoa santuri peke yake, yeye na gitaa lake tu. Mtaani kwetu hilo halikueleweka. Muziki ulikuwa magitaa matatu, ngoma, na watu wa kuitikia. Jirani yetu, mshona akala, vile viatu vya matairi, wa soko la Kariokor, aliisikiliza mara moja, akatikisa kichwa.

"Wacha nikwambie ukweli, jirani. Huyu hakuacha bendi. Bendi ndio ilimtoroka."

Baba hakujali. Kila Jumamosi baada ya chakula aliondoa juu ya gramofoni kitambaa alichokidarizi Mama, akaifuta santuri kwa mkono wa koti lake la kazi, akaweka sindano, akakaa. "Nje! Hii si ya watoto," alitufukuza, na sisi tulitoka mbio kabla hajabadili nia. Sauti ya yule mzee ilikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla ya kutosheka na usingizi. Ukichungulia dirishani ungemwona Baba amefumba macho, anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu hivyo kwa sababu yetu, na nakiri nilimwonea wivu yule Mzungu.

Ndipo dada yangu Mwende akapata mchumba. Aliitwa Njoroge, karani mwenzake ofisini, kijana mpole wa watu wa Murang'a. Mwende alimpenda hadi akakonda. Shida ilikuwa mamake Njoroge, mjane na kiongozi wa akina mama kanisani. Sote tulijua habari za msichana aliyemtangulia Mwende. Mama Njoroge alifika kwao, akakuta redio inapiga rumba, akakataa chai. Na mama mkwe mtarajiwa akishakataa chai ya nyumba, hakuna mazungumzo yanayobaki. Kila mtu huchukua mkoba wake na kwenda zake.

Kwa hiyo siku wageni walipotarajiwa, Jumapili mchana, Mama alimkalisha Baba chini.

"Baba Mwende, hiyo kitu leo isiguswe. Sasa nakuomba kama bibi yako. Ukiigusa, tutaongea vingine."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mama akarudi jikoni kukaanga chapati. Mimi, niliyekuwa nimeanza sekondari mwaka huo, niliwekwa sebuleni kuwanawisha wageni mikono. Mwende alijificha nyuma ya pazia la chumba cha kulala akisubiri kuitwa aje kumimina chai.

Wakaja wanne: Mama Njoroge, wazee wawili wa ukoo wao, na Njoroge katika suti iliyombana makwapani. Salamu zikaisha. Mvua ikazungumzwa ikaisha. Kikafuata kile kimya cha wakwe ambacho hata saa ya ukutani unaisikia ikikusema. Baba hakuwahi kuweza kustahimili kimya. Nilimwona anaangalia gramofoni, anaangalia mlango wa jikoni, anaangalia gramofoni tena. Akainuka, akaondoa kitambaa.

Gitaa likaanza polepole. Yule mzee akafungua koo lake lenye mchanga.

Sasa jiweke mahali pao. Ni Jumapili, uko katika nyumba ya Wakristo, na Mzungu anaimba kwa huzuni kubwa bila ngoma. Mzee wa kwanza alivua kofia akasimama. Wa pili akamfuata. Mama Njoroge akasimama akafumba macho. Njoroge, ambaye Kiingereza alikijua vizuri, alinitazama kwa hofu, naye akasimama. Baba alipoona wageni wote wamesimama kwa ajili ya santuri yake, kifua kilimjaa. Hatimaye alikuwa amepata watu wenye masikio. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akiwa tayari kwa vita, akakuta vichwa vimeinama. Akainamisha chake pia, mwiko ukiwa kifuani.

Wimbo ulipokwisha mzee mmoja alisema, "Amina." Lakini wimbo wa pili ulikuwa umeshaanza, na nani angekuwa wa kwanza kukaa mbele ya Mungu? Tuliendelea kusimama. Harufu ya chapati inayoungua ikaingia sebuleni na hakuna aliyethubutu kwenda kuigeuza.

Katika wimbo wa tatu Mama Njoroge alifungua jicho moja, akaniona na sweta yangu ya shule.

"Wewe kasichana, si uko sekondari? Hebu tuambie huyu mtumishi anasema nini."

Mzungu alikuwa akisema kwamba mke wake amemtoroka. Alikuwa akisema ameketi jikoni na chupa, na katika nyumba nzima amebaki yeye na mbwa, na mbwa mwenyewe ameanza kuuangalia mlango. Nikalisikia pazia la chumba cha kulala likitikisika. Mwende naye alikijua Kiingereza.

"Anasema ameketi jikoni peke yake," nilianza. Hilo angalau lilikuwa kweli. "Mkononi ana... ana kikombe. Kimejaa." Njoroge alikohoa. "Karibu naye kuna kondoo. Kondoo anaangalia mlango."

"Anamngoja mchungaji," mzee mmoja akaeleza, akiwa ameridhika.

"Ndio. Anamngoja mchungaji. Na anasema..." Nilikwama kwa yule mke. Nikaangalia huku na huku, hakuna wa kuniokoa. "Anasema mwenzake ametangulia. Yeye amebaki, na nyumba imekuwa kubwa."

Nikaona machozi yanamtiririka Mama Njoroge hadi kidevuni, naye hayafuti. Tulikuwa tumemwogopa wiki nzima, na sasa alikuwa mama tu aliyechoka.

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Tangu mzee wangu aende, hata mimi hukaa jikoni. Huko sebuleni siwezi." Akaketi, na wote wakaketi, na miguu yangu ikanishukuru. "Leteni chai basi. Na huyo msichana wetu yuko wapi?"

Msichana wetu! Mwende alitokea na birika, akamimina. Mama Njoroge alikunywa vikombe viwili na akala chapati iliyoungua bila kulalamika.

Wakati wa kuaga, Mama alitoa kikapu cha maembe na kuku, maana mkwe haondoki mikono mitupu. Mama Njoroge alishukuru, kisha akasema kitu kimoja tu ndicho angependa sana kubeba, na akaonyesha kidole. Alimtaka yule mtumishi wa Mungu.

Sote tukamwangalia Baba. Wakwe wakiomba kitu katika ziara ya kwanza, hukatai; ni afadhali usingewafungulia mlango. Baba akainuka. Akaifuta santuri kwa mkono wa koti, taratibu, pande zote mbili, akaitia ndani ya jalada, akaitoa kwa mikono miwili.

Mama Njoroge hakuwa na gramofoni. Aliitundika santuri ukutani karibu na picha ya marehemu mumewe, imevishwa kitambaa, na huko ikakaa miaka yote bila kutoa hata sauti moja. Kwetu ikabaki gramofoni isiyo na cha kupiga.

Mimi nililia. Siku ya tatu nikamfuata Baba nikamwambia, "Baba, nilidanganya. Hakuimba vile."

"Najua. Yule mhandisi alinielezea nyimbo zote tukiwa kwa gari."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningesema nini, na Mwende alikuwa hapo nyuma ya pazia?" Akacheka kidogo. "Lakini kondoo jikoni, mwanangu! Kondoo!"

Jirani wa akala alimletea santuri zake za benga, Baba akazisikiliza kwa adabu akazirudisha. Hakununua nyingine hadi alipofariki.

Juzi mjukuu wa Mwende, ambaye mimi pia ni nyanya yake, alinitafutia albamu ile kwenye simu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Akauruka wimbo wa kwanza kabla mzee hajafungua mdomo, akauruka wa pili.

"Shosho, kwani huyu alikosewa na nani? Hii ngoma imeboo, inachosha."

Nikamwambia babu yake mkuu aliitoa santuri hiyo, akabaki bila muziki, ili yeye na suruali yake inayoburura chini wapate kuzaliwa. Akadhani namtania. Ana nyimbo zote za dunia mfukoni, na hakuna hata mmoja ambao ukipotea kesho ataulilia. Nilimnyang'anya simu nikaanza upya, nikasikiliza upande mzima, nikimwona Baba amefumba macho Jumamosi mchana, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kunifukuza nje.