Kitambaa Kisichonasa

Gereji zote duniani hunuka vilevile: oili iliyozeeka, thina, chuma kilichoungua. Ile ya Msasa ilikuwa na harufu ya gundi juu yake, kwa kuwa aligawana banda na fundi wa kushona viti vya magari, mtu wa maneno mengi ambaye mdomo wake ulichoka baada ya cherehani yake.

Jina la Msasa lilimkaa kama ngozi. Tangu ujana wake, alipoajiriwa kupaka rangi katika kiwanda kidogo kilichounda magari ya spoti ya viti viwili, hakuweza kupita karibu na kitu chenye mikwaruzo akakiacha kilivyo. Nyumbani alisugua milango, akasugua meza, akasugua hadi miko ya jikoni.

"Ipo siku utanigeukia mimi," mkewe alimwambia, "unisugue mpaka niishe."

Kaka yake mkubwa alikuwa mchomeleaji kiwandani humo humo. Watu walimwita Cheche. Kazi yake ilikuwa kuunga vyuma vya chesisi, ule mfupa wa gari unaobeba injini, magurudumu na kila kitu, na aliifanya kwa haraka ya ajabu. Mishono yake ilishika kama meno, lakini kwa sura, astaghafiru. Ilikuwa na mabonde na matuta, na kila mmoja uliishia kwenye kijipindo kidogo kilichojikunja kama konokono, kwa sababu Cheche alikuwa na tabia ya kurudisha mkono nyuma kidogo kabla ya kuuinua. Kisha chesisi iliningʼinizwa kwenye ndoano, ikapelekwa kwa mdogo wake ipakwe rangi nyeusi. Msasa aliifuta kwanza kwa kitambaa, na kitambaa kikanasa kwenye kila konokono, kikachanika nyuzi.

"We Cheche!" alipiga kelele kutoka chumba cha rangi. "Unachomelea kama mtu anayekimbizwa na mbwa! Unawahi wapi?"

"Nawahi nyumbani, bwana mdogo. Mimi nina mke, wewe una msasa."

Kiwanda kizima kilicheka. Utani huo uliendelea mpaka siku kiwanda kilipofungwa, na hata baadaye, kila ndugu hao walipokaa meza moja.

Uzeeni Cheche alilipata moja ya magari yale, limetelekezwa nyuma ya ghala, kutu imelila. Alilileta nyumbani akalivua bodi, na kabla hajaenda mbali zaidi, moyo ukasimama akiwa ameshika spana. Mjane wake alingoja mpaka machozi yakapungua, ndipo akaagiza chesisi ivutwe hadi kwa Msasa.

"Shemeji," alimwambia, mkono wake ukiwa juu ya chuma, "bodi fanya unavyotaka. Kama ni rangi ya waridi, basi iwe waridi. Lakini huku chini nataka kuwe kama kulivyotoka kiwandani. Picha zake nimechoka kuzitazama, kila mtu anatabasamu kwenye picha. Hapa ndipo alipo yeye. Nikigusa hapa namsikia."

Alikuwa ameweka kidole kwenye konokono.

"Nimekuelewa, shemeji," Msasa alisema. "Itatoka kama ilivyotoka mara ya kwanza."

Na hakuwa anadanganya. Hakuna mtu aliyejua zaidi yake jinsi chesisi zile zilivyotoka. Rangi ilikuwa nyembamba, ya mng'ao nusu. Kwa kuwa chesisi iliningʼinia, rangi ilichuruzika ikaganda matone upande wa nyuma. Pale ndoano iliposhika palibaki kipande kisichopakwa kabisa. Siku hizi watu wanaofufua magari ya zamani huyapaka chini mpaka unaweza kujitazama kama kwenye kioo, na Msasa aliwadharau kwa hilo. Yeye alichanganya nyeusi yake na kuichanganya upya mpaka mng'ao ukafa kiasi kilekile. Alitengeneza ndoano kama ile ya kiwandani. Alipanga hata matone yataganda wapi.

Ilibaki kutu. Sehemu zilizo wazi aliisugua kwa brashi ya waya ikatoka. Katika mabonde ya mishono haikutoka. Aliichimba kwa bisibisi, ikakataa. Akachukua grenda, akaweka diski laini kabisa, akagusa bonde moja tu. Kutu ikaondoka, chuma kikang'aa. Bonde la jirani sasa likaonekana chafu, akaligusa nalo. Tuta lililokuwa katikati yao likabaki limesimama peke yake kama jino la kizee, akalilainisha. Ilikuwa asubuhi nzuri, jua limeingia mpaka katikati ya banda, na cheche zilimwagika miguuni pake. Alikuwa anapiga mluzi.

"Leo umeamkia upande gani?" fundi viti alimuuliza. "Sijakusikia ukipiga mluzi tangu tuzike."

"Chuma kinanisikiliza," Msasa alijibu.

Alifagia vumbi lote la chuma, akalimwaga kwenye mtaro wa nje, maana vumbi ni adui wa rangi. Kisha akachukua kitambaa safi, akakilowesha thina, akaanza kuifuta chesisi kutoka mbele kwenda nyuma, kama alivyofanya ujana wake wote.

Kitambaa kiliteleza. Kilipita kiungo cha kwanza, kikapita cha pili, kikazunguka kona ya nyuma, laini kama kinapita juu ya sahani. Mkono wake ulisubiri kukwama, na haukukwama popote. Alirudi mwanzo. Akapitisha tena, polepole, akikandamiza.

Alikaa chini palepale sakafuni.

"Vipi, mgongo?" fundi viti aliuliza, sindano ikiwa mdomoni. Alisogea, akaitazama chesisi, akaitazama grenda. "Haya, si imependeza lakini? Imependeza kuliko..." Akarudi kwenye cherehani yake.

Makosa yake mwenyewe Msasa aliyakumbuka yote, hadi tone la mwisho la rangi. Ya kaka yake ndiyo aliyoyafuta.

Shemeji yake alipopiga simu kuuliza kazi imefika wapi, alimwambia kutu ni nyingi, avumilie. Alipopiga tena, akasema anasubiri rangi. Katika siku hizo aliazima mashine ya kuchomelea, akavaa kofia ya Cheche ya kuchomelea, yenye kioo cheusi, akajifunza kuchomelea vibaya. Alijaza vyuma chakavu kwa mabonde na matuta. Konokono zilimsumbua zaidi. Mara zilitoka kubwa, mara zikatoka kama kovu. Mwishowe zilitoka. Fundi viti aliinama, akazigusa.

"Hata Cheche mwenyewe angesema ni zake."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye nipate nini? Ni zake, bwana."

Basi akachomelea upya juu ya kila kiungo alichokilainisha. Akaiinua chesisi kwenye ndoano, akaipulizia ile nyeusi nyembamba, akaacha rangi ichuruzike igande ilipotaka. Mtu wa kiwandani angeipita pale bila kugeuza shingo, na kwa kazi ya namna ile hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Mjane alikuja mchana, amevaa nguo ya kutokea. Alisalimia, akaulizia afya ya mke wa Msasa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma na kupitisha mkono. Alifumba macho. Alihamia kiungo kingine, na kingine. Msasa alisimama akikunja kofia yake mikononi. Mkono ule ulizunguka chesisi nzima, ukarudi ulipoanzia, ukatulia hapo kwa muda mrefu kuliko alivyoweza kuvumilia.

"Ni kama ilivyotoka kiwandani, shemeji," Msasa alisema.

Mjane alifumbua macho, na hayakuwa na hasira.

"Yule alikuwa anawahi nyumbani," alisema. "Hizi zimeshonwa na mtu anayeogopa."

Msasa aliweka kofia yake juu ya meza.

"Zile nyingine ziko wapi?" mjane aliuliza.

Msasa alielekeza mlangoni, kwenye mtaro. Mvua ilikuwa imenyesha mara nyingi tangu afagie. Shemeji yake aliutazama mtaro, maji yakipita taratibu na majani yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia.

"Umejitahidi, shemeji," alisema. Akachukua mkoba wake. "Rudishia bodi juu, pafunikwe."

Fundi viti hakuwasha cherehani mpaka mjane alipokuwa ameshaishia kwenye kona ya barabara. Msasa alichukua kitambaa kwenye msumari, akakipitisha kwenye kiungo cha nyuma, kutoka mbele kwenda nyuma. Kikanasa. Kilinasa kila mahali kilipotakiwa kunasa, kikachanika nyuzi, naye akaendelea kufuta.