Mazimwi Yangu ya Udongo

Juzi jirani yangu hapa Kilakala aliingia kuomba chumvi, akanikuta mezani nalipaka rangi meno zimwi dogo la udongo lenye vinywa viwili na jicho tumboni. "Mama mzima wewe, na mashetani hayo!" akasema. Nilicheka, lakini alipotoka niliitupa brashi mezani kwa hasira. Maneno kama hayo nilishayasikia utotoni.

Nililelewa Mgeta na bibi mzaa baba, mfinyanzi. Kiangazi tulishuka bondeni kuchimba udongo, tukaupandisha kichwani, na uani kukanukia moshi wa kuchomea vyungu, na maharage yanayochemka jikoni. Udongo uliobaki alinipa mimi. Wenzangu walifinyanga ng'ombe. Mimi mazimwi ya ukubwa wa kidole gumba, yenye pembe puani, miguu ya kuku, ulimi hadi magotini. Niliyapaka chokaa, masizi na udongo mwekundu. Bibi aliyachoma pamoja na vyungu vyake, akayapanga dirishani. "Wa leo mbaya kweli huyu," alisema, na mimi nikavimba kichwa.

Kisha serikali ikaruhusu biashara huria, bidhaa za nje zikajaa. Malori yaliyopeleka kabichi mjini yalirudi na ndoo za plastiki, na vyungu vya bibi vikawa vinarudi kutoka gulioni kama vilivyokwenda. Baba alikuwa fundi kiwandani, mjini. Kiwanda kikauzwa, mashine zikang'olewa, wafanyakazi wakaambiwa waende makwao. Baba akaja Mgeta na sanduku lake, pamoja na rafiki mmoja wa maombi. Nilimwamkia mgeni shikamoo, akaitikia juujuu, macho yake yakiwa dirishani kwenye mazimwi yangu.

"Kaka," akamwambia baba, "mkosi wako ule pale."

Baba aliyakusanya mazimwi yote kwenye ungo, akayamwaga uani, akachukua jembe. Nilimng'ang'ania mguu. "Baba, ni yangu! Nimeyatengeneza mimi!" Hakunitazama. Bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mwanangu, kiwanda wamekiuza watu unaowajua kwa majina. Wao hukuwauliza kitu, unakuja kumuuliza mtoto?"

Baba akainua jembe. Akaponda yote mpaka likabaki vumbi.

Sikufinyanga tena hadi mwaka huu, nilipoona brashi nyembamba dukani, nikazinunua bila kufikiri. Bibi hayupo. Bonde la udongo wamelima karoti. Baba naye amefariki, na jambo lile hatukulizungumza hata siku moja. Ndugu huniambia yamepita, nisamehe. Baba nimejaribu kumsamehe. Alikuwa amenyang'anywa kazi yake yote, na jembe lilikuwa karibu. Ila nikipita pale kiwandani, siku hizi ghala tupu lenye popo, damu inanichemka upya. Mimi mtoto nilivunjiwa kila nilichokuwa nacho. Waliouza na walionunua, hakuna aliyewavunjia hata kikombe.